Nani ashike sindano? Historia ya wafamasia na chanjo ya homa

UZI 🧵

1/ Mjadala wa afya ukipamba moto, kuna hoja moja hupata makofi haraka: "Mbona mwananchi apige foleni siku nzima hospitalini kutafuta chanjo, na kemisti iko hapo tu mtaani?" Anayeunga mkono anaonekana mtu wa watu. Anayepinga anaambiwa analinda mfuko wa madaktari. Hapa hatutaji chama wala mheshimiwa yeyote. Tunaangalia tu nchi zilizopitisha sheria hiyo zilifikaje huko, na zilipatana kwa masharti gani.

2/ Tuanze mbali kidogo. Karne ya 13, Mfalme Frederick II aliyetawala kusini mwa Italia alitoa amri za kutenganisha kazi ya daktari na ya muuza dawa, na akakataza wawili hao kuwa na biashara moja. Sababu hata wewe unaijua. Anayekuandikia dawa akiwa ndiye anayekuuzia, utaandikiwa mpaka ushindwe kubeba. Kwa hivyo ule ukuta kati ya daktari na mfamasia haukuwekwa kwa wivu wa kazi peke yake. Ulimkinga mgonjwa pia.

3/ Sasa kwa nini chanjo ya homa ya mafua ndiyo iliutikisa huo ukuta, na si chanjo ya surua? Manake virusi vya homa hubadilika kila wakati. Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa kusini, kupendekeza aina za virusi zitakazowekwa kwenye chanjo. Ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Mtoto hupelekwa kliniki na mamake, kadi mkononi. Lakini mtu mzima asiyeumwa kitu, aache kazi kila mwaka aende hospitali kudungwa? Wengi hawaendi.

4/ Jimbo la Washington, Marekani, ndilo linalotajwa sana kwenye historia hii. Tangu 1979 sheria yake ilimruhusu mfamasia kuanzisha au kubadilisha dawa ya mgonjwa, mradi awe na makubaliano ya maandishi na daktari. Mwaka 1994 chama cha wafamasia wa jimbo hilo kikaanza kuwapa wanachama wake mafunzo rasmi ya kuchanja. Angalia hiyo miaka: mlango ulikuwa kwenye sheria kwa miaka 15 kabla ya kazi hii kushika kasi. Kifungu cha sheria peke yake hakidungi mtu.

5/ Kitu kingine kilichosukuma mambo ni pesa. Mwaka 1993 Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilianza kulipia chanjo ya homa. Hapo mzee akawa na wa kumlipia, na anayechanja akawa na pa kupeleka bili. Mwaka 1996 chama cha kitaifa cha wafamasia kikaanzisha mafunzo ya nchi nzima. Mafunzo yako, malipo yako. Kilichobaki ni ruhusa, jimbo baada ya jimbo.

6/ Madaktari wengi walipinga, na tusiwasingizie, hoja zao hazikuwa za tumbo pekee. Mtu akipata aleji kali dakika tano baada ya sindano, nani atamwokoa pale dukani? Rekodi itakaa wapi? Mzee aliyekuwa akija kliniki kwa chanjo alikuwa anapimwa presha pia. Asipokuja tena, presha ataipima nani? Ndiyo, hoja ya mapato nayo ilikuwemo. Lakini maswali hayo matatu yalistahili jibu, na sheria nzuri ziliyajibu.

7/ Ilichukua muda. Jimbo la mwisho, Maine, liliruhusu mwaka 2009. Yaani kutoka yale mafunzo ya Washington mpaka majimbo yote 50 ni miaka 15. Mtu akikuambia jambo hili ni la kusaini karatasi moja siku 100 za kwanza ofisini, kumbuka hiyo hesabu. Leo kemisti ni mojawapo ya mahali pakuu ambapo watu wazima Marekani hupata chanjo hii.

8/ Nchi nyingine zilifuata kila moja kivyake. Ureno ilitunga sheria 2007. Jimbo la Alberta, Kanada, lilianza mwaka huohuo, na Ontario ikafuata 2012. Ayalandi ni 2011. Ufaransa ilijaribu kwanza kwenye mikoa miwili mwaka 2017, ikaona inakwenda, ikafungua nchi nzima 2019. Ujerumani ilianza na miradi ya majaribio kwa sheria ya 2020, kisha 2022 ikaifanya huduma ya kudumu. Nyingine zilijaribu padogo kwanza, nyingine zikaruhusu moja kwa moja.

9/ Uingereza ina funzo lake. Septemba 2015 huduma ya taifa ya afya ilianza kuwalipa wafamasia kote England wachanje watu waliostahili kupata chanjo bure. Madaktari wa mitaa wakalalamika. Wao huagiza chanjo miezi mingi kabla ya msimu na hulipwa kwa kila anayedungwa, sasa wateja wakihamia kemisti, dozi zinabaki kwenye friji. Ugomvi ulikuwa wa kweli. Serikali haikuufuta kwa hotuba, na kila mwaka masharti hujadiliwa upya. Moja ya masharti: mfamasia akimchanja mtu, lazima daktari wa huyo mtu ajulishwe.

10/ Ukizisoma sheria hizi kwa pamoja utaona zinafanana. Mafunzo ya kudunga na ya kuokoa maisha, adrenalini ikiwa karibu. Mwongozo wa maandishi unaosema nani achanjwe na nani arudishwe kwa daktari. Rekodi inayofika inakotakiwa. Na malipo yanayojulikana mapema, ndiyo muuzaji asijipangie bei kwa mtu mwenye hofu. Lile tatizo la Frederick II bado lipo. Anayekushauri uchanjwe ndiye anayeuza chanjo. Masharti haya ndiyo yanayomlinda mgonjwa pale ambapo ukuta umefunguliwa mlango.

11/ Kisha ikaja korona. Agosti 2020 serikali kuu ya Marekani iliwaruhusu wafamasia kote nchini kuwachanja watoto wa miaka 3 hadi 18, hata kwenye majimbo ambayo sheria zao zilikuwa zinakataa. Wengine wakaona ni wokovu, wengine wakaona majimbo yamenyang'anywa kazi yao. Swali lilihama kutoka "nani adunge?" hadi "nani mwenye mamlaka ya kuamua?"

12/ Hapo ndipo tunafika nyumbani. Sheria yetu ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ilitungwa enzi za mkoloni. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaziachia kaunti vituo vya afya na famasi za kaunti, huku sera ya afya ikibaki kwa serikali ya kitaifa. Isitoshe, kwetu hakuna msimu wa baridi kali kama Ulaya, na homa ya mafua huzunguka karibu mwaka mzima. Chanjo yenyewe inahitaji friji ya nyuzi 2 hadi 8, na stima yetu tunaijua.

13/ Kwa hivyo jukwaani mtu akisema "kemisti zichanje", usikimbilie makofi wala matusi. Muulize:
– Kemisti gani? Zilizosajiliwa tu, au hata ile ambayo bodi ikija inafungwa mlango wa mbele na kufunguliwa wa nyuma?
– Nani adunge? Mwenye digrii, mwenye diploma, au yeyote aliye kaunta?
– Nani analipa? Kama ni mfuko wa mwananchi, nyanya wa kijijini amesaidika vipi?
– Rekodi inaenda wapi, na kaunti imeshirikishwa?

14/ Siku wauguzi wamegoma na kituo cha afya kimefungwa, mwenye pumu na mama mjamzito wanahitaji mahali pa kwenda. Hiyo ndiyo nguvu ya hoja hii, na ni nguvu ya kweli. Lakini siku sindano inaenda vibaya, watahitaji mtu aliyefunzwa na sheria inayosema nani awajibike. Nchi zilizofaulu zilishughulikia siku zote mbili. Mgombea wako akikupa jibu la siku moja tu, mrudishe akamalizie kazi yake.

Kama umeelewa, mpelekee mwenzako kabla hajaanza kubishana kwa matatu. 🙏🏾