Biti Arobaini kwa Sekunde

Kutoka maabara ya Lawrence Berkeley hadi Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni yadi 400, kama mita 365. Unatembea tu, umefika. Lakini Oktoba 1986, data iliyokuwa ikipita hapo kwa biti 32,000 kwa sekunde ilishuka hadi biti 40. Arobaini! Herufi moja ni biti nane, kwa hivyo hizo ni herufi tano kwa sekunde. Taipisti mzuri angeipita intaneti.

Waya haukuwa umekatika. Van Jacobson wa maabara hiyo na Mike Karels wa chuo waligundua kwamba mtandao ulikuwa unajisonga wenyewe. Kompyuta ikituma pakiti husubiri jibu, na likichelewa hutuma tena. Shida ni kwamba ilikuwa inakadiria vibaya muda wa kusubiri. Mtandao ukijaa, jibu linachelewa kidogo, kompyuta inadhani pakiti imepotea, inatuma nakala, msongamano unazidi. Yaani ni kama matatu zote kuingia mzunguko kwa pamoja. Dawa yao, iliyochapishwa 1988, ilianzia kwenye kipimo: usipime tu wastani wa muda wa kwenda na kurudi, pima pia unavyoyumba. Halafu ukianza kutuma, anza polepole. Simu yako bado inatumia mbinu za ukoo huo.

Vifaa vya kupimia navyo ni vya miaka hiyo hiyo. Mike Muuss, wa maabara ya jeshi la Marekani kule Maryland, aliandika ping jioni moja Desemba 1983, akaipa jina la mlio wa sona. Ping hupima muda. Ili kupima kiasi, yeye na Terry Slattery waliunda ttcp, iliyotuma data kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja hadi ya nyingine bila kugusa diski, usije ukalaumu mtandao kwa uzembe wa diski.

Muda na kiasi ni vitu viwili, na Kenya tulilijua hilo vizuri kabla kebo za TEAMS na SEACOM hazijafika Mombasa mwaka 2009. Setilaiti iko kilomita 36,000 juu. Swali lipande lishuke, jibu lipande lishuke: kilomita 144,000, karibu nusu sekunde hata kwa kasi ya mwanga. Ofisi ingenunua kiasi kikubwa vipi, nusu sekunde ilibaki palepale.

Sasa wewe umelipia waifai ya 20, na programu ya kupima spidi inasema 20. Poa, lakini imepima hadi wapi? Mara nyingi huchagua seva ya karibu. Kama kazi yako ni kumfundisha mtu wa Frankfurt kwa video, hiyo namba haikusaidii sana. Chagua seva ya huko, chomeka kebo, upime saa mbili usiku wakati ploti nzima inatazama filamu, na uangalie ping wakati data inashuka. Ikiruka kutoka 150 hadi 900, piga picha ya skrini kabla hujawapigia kampuni simu.