Sumu za bustani kwa mbwa

Sumu za bustani kwa mbwa ni viuatilifu, mbolea na bidhaa nyingine za kutunzia mimea ambazo mbwa akizila, akizilamba au zikimgusa ngozi humdhuru. Aina zake ni nyingi, lakini chanzo cha ajali nyingi ni kimoja: bidhaa hizo ama zimetengenezwa kwa chakula au zinanukia kama chakula. Chambo cha konokono hufinyangwa kwa pumba. Sumu ya panya huchanganywa na ngano au mahindi. Mbolea ya mifupa ni mifupa yenyewe iliyosagwa. Mbwa anayefukua shina la waridi lililopandwa jana hana utundu wowote. Anafuata harufu ambayo mwenye bustani ameifukia pale kwa mikono yake.

Chambo cha konokono

Metaldehidi imetumika kuua konokono na koa tangu miaka ya 1930. Dutu hiyo hiyo iliuzwa pia Ulaya kama vidonge vya kuwashia majiko madogo ya safari. Chambo chake ni vipande vidogo mfano wa punje za mchele, mara nyingi vya buluu au kijani. Rangi hiyo haimzuii mbwa, kwa kuwa pua hutangulia macho. Ndani yake mna unga wa nafaka, pengine na molasi, pamoja na metaldehidi ambayo kwa kawaida ni asilimia 3 hivi, yaani miligramu 30 katika kila gramu ya chambo. Kipimo cha kuua mbwa hutajwa kati ya miligramu 100 na 600 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kadirio la chini, mbwa wa kilo 10 yumo hatarini akila gramu 35 tu, na hizo anaweza kuzimaliza kwa mikupuo michache pale chambo kilipomwagwa kwa lundo.

Dalili huanza ndani ya nusu saa hadi saa tatu. Mbwa hukosa utulivu, huhema haraka, hutokwa na udenda na kuyumba akitembea. Kisha misuli huanza kutetemeka, na akiguswa au mlango ukibamizwa mtetemeko huzidi. Hatimaye huja degedege. Misuli inayokaza bila kupumzika huzalisha joto, na joto la mwili, ambalo kwa mbwa mwenye afya ni nyuzi 38 hadi 39, huweza kupita 42. Joto hilo peke yake linatosha kuharibu ubongo na figo. Hakuna dawa mahsusi ya kuitangua sumu hii. Daktari wa mifugo hulegeza misuli, huzuia degedege, huupoza mwili na huosha tumbo, kisha hulichunguza ini, kwa sababu linaweza kushindwa kazi siku mbili au tatu baada ya mbwa kuonekana amepona.

Uingereza ilichukua muda mrefu kuachana na metaldehidi. Serikali ilitangaza marufuku Desemba 2018, mtengenezaji mmoja akaenda mahakamani, na Julai 2019 uamuzi ukatenguliwa. Marufuku ikatangazwa tena Septemba 2020, na kuanzia tarehe 31 Machi 2022 matumizi yake ya nje yakakoma katika England, Scotland na Wales. Wengi sasa hutumia chambo cha fosfeti ya chuma. Hiki ni salama zaidi kwa mbali, ingawa mbwa aliyekula boksi zima anaweza kudhurika kwa wingi wa madini ya chuma. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako ndiko asili ya konokono mkubwa anayekula miche ya mboga, kumwokota kwa mkono jioni na baada ya mvua ni kazi ya kuchosha, lakini haina hatari kwa mnyama yeyote wa nyumbani.

Sumu za panya

Kundi moja la sumu hizi huzuia damu kuganda. Historia yake ilianzia kwa ng'ombe wa Amerika Kaskazini waliovuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, damu isiyoganda, na utafiti uliofuata ukazaa warfarini, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Warithi wake, brodifakumu na bromadioloni, ni wakali zaidi na hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Ubaya wao ni ukimya. Mbwa hula leo, hucheza kesho, na siku ya tatu hadi ya tano ndipo ufizi hupauka, akakohoa au akavuja damu puani. Vitamini K1 humponya akiwahiwa, lakini hutolewa kwa wiki tatu au nne, wakati mwingine zaidi, na damu hupimwa tena siku mbili au tatu baada ya dozi ya mwisho.

Kundi la pili ni fosfidi ya zinki, unga wa kijivu au mweusi wenye harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Asidi ya tumbo huigeuza kuwa gesi ya fosfini. Hapa huruma ya kawaida hugeuka hatari: kumpa mbwa chakula huongeza asidi, na gesi huongezeka nayo. Matapishi yake hutoa gesi hiyo pia, kwa hiyo gari linalompeleka kwa daktari liende vioo vikiwa wazi.

Viuadudu, mbolea na viuagugu

Viuadudu vya jamii ya oganofosfeti na kabameti huvuruga mawasiliano ya neva na misuli. Mbwa hutokwa na mate na machozi, huhara, hukojoa ovyo, mboni za macho husinyaa na misuli hurukaruka. Atropini ndiyo dawa yake, na ikiwahi huokoa.

Mbolea ya mifupa na ya damu huonekana haina madhara kwa kuwa ni ya asili, lakini ikiliwa kwa wingi huweza kugandamana tumboni na kuziba njia ya chakula, au kuchochea uvimbe wa kongosho. Mbaya zaidi ni mashudu ya mbarika. Mafuta ya mbarika yakishakamuliwa, risini hubaki kwenye mashudu, na yasipopikwa kwa joto la kutosha kabla ya kuuzwa kama mbolea yanaweza kuua mbwa. Risini haina kitanguzi. Maganda ya kakao, yanayotandazwa bustanini katika nchi za Ulaya na Marekani, yana theobromini, ileile inayofanya chokoleti kuwa sumu kwa mbwa. Lundo la mboji lenye mabaki ya jikoni huweza kuota ukungu unaotoa penitremu A, na mtetemeko wake unafanana sana na wa metaldehidi.

Kati ya viuagugu, parakwati inastahili hofu kubwa kuliko vyote: huunguza kinywa, kisha huharibu mapafu taratibu. Umoja wa Ulaya hauiruhusu tangu 2007.

Huduma ya kwanza

Afrika Mashariki, mtu au mnyama akila sumu, watu wengi hukimbilia maziwa. Desturi hiyo iachwe kwa mbwa. Maziwa hayatangui sumu yoyote kati ya hizi, na mafuta yake huweza kurahisisha baadhi ya viuadudu kufyonzwa. Chumvi ya kumtapisha nayo huweza kuua, maana sodiamu ikizidi huharibu ubongo. Mkaa wa jikoni uliosagwa haufanyi kazi ya mkaa amilifu wa hospitalini. Mbwa anayetetemeka au aliyelegea asitapishwe kabisa. Matapishi huingia mapafuni. Kilichomwagikia manyoya kioshwe kwa maji mengi na sabuni ya vyombo, anayeosha akiwa amevaa glavu. Kisha ni safari ya kwa daktari, na pakiti mkononi.

Kinga

Lebo ya kiuatilifu kilichosajiliwa ina mstari wa rangi chini yake: nyekundu kwa sumu kali kabisa, kisha njano, buluu na kijani. Tanzania usajili husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Usimamizi huo hupotea pale dawa inapouzwa kwa kupimiwa, ikamiminwa kwenye chupa ya soda au kufungwa kwenye gazeti. Daktari akiletewa chupa ya soda yenye maji meupe hawezi kujua kama atumie atropini au la, mpaka dalili zimwambie.

Bidhaa zihifadhiwe kabatini kwa kufuli, kwani mfuko wa plastiki ulioachwa stoo hauchukui dakika moja kuchanwa. Chambo cha panya kiwekwe ndani ya kisanduku maalumu ambacho mdomo wa mbwa hauingii, na panya waliokufa waokotwe na kufukiwa kwa kina. Baada ya kupulizia dawa, mbwa afungiwe hadi majani yakauke au muda ulioandikwa kwenye lebo uishe. Nyasi zikiwa bado na umande wa dawa, sumu hubebwa na nyayo na kulambwa usiku.