Sungusungu: Ulinzi Uliozaliwa Usukuma

Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania, alijiuzulu. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Ila katika msako wa wauaji huko Mwanza na Shinyanga, mikoa ya Usukuma, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, wengine wakafa, naye akaona dhamana ni yake.

Miaka ya themanini ilipoingia, basi, mfugaji wa Usukuma aliiogopa serikali ikija, na isipokuja ng'ombe waliondoka. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, vya 1978–79, vilikuwa vimeacha bunduki mitaani, na wezi wa mifugo sasa walikuja na risasi. Polisi walikuwa wachache, tena mbali.

Ndipo kati ya 1981 na 1982, upande wa Kahama, mkoani Shinyanga, na vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi kwa jumla, wanaume wakaanza kujipanga kwa majina ya sungusungu na basalama. Kila kaya ilitoa mtu. Juu alikaa ntemi, yaani mkuu wao, chini yake katibu na makamanda; silaha ni upinde na mishale. Filimbi ikilia, kijiji cha jirani kiliidaka na kuipeleka mbele, mwizi anayeswaga ng'ombe usiku akakuta kila njia ina watu. Aliyekaidi mwito alitozwa faini, au akatengwa: hapewi moto, hateki maji na wenzake, msibani kwake hakanyagi mtu. Mahali ambapo watu wanalima na kuzikana pamoja, naona jela ilikuwa nafuu.

Wizi ulipungua. Lakini ntemi yule yule alikamata, akahoji na kuhukumu, mara nyingi kwa fimbo, na vikongwe waliosingiziwa uchawi nao wakaitwa barazani. Wakili hakuwapo, wala rufaa. Rais wa wakati huo, Mwalimu Nyerere, na chama tawala CCM waliwaunga mkono sungusungu. Polisi na mahakimu hawakupendezwa, na baadhi ya sungusungu wakafikishwa mahakamani.

Mwaka 1984 haki za binadamu, zile ambazo hukumu za namna hii zilikiuka, ziliingizwa katika Katiba, lakini mtu hakuweza kuzidai mahakamani hadi Machi 1988. Mwaka uliofuata Bunge likarekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu uwezo wa kukamata unaokaribia ule wa polisi. Rais wakati huo alikuwa Mwinyi. Kuhukumu hawakuruhusiwa, ingawa vijijini walikuwa wakihukumu tangu mwanzo, na faini za ng'ombe ziliendelea kulipwa.