Kigoda cha Heather

Mpiga nyatiti huketi juu ya orindi, kigoda kifupi kinachomweka karibu na vumbi. Vidole viko kwenye nyuzi nane, njuga ziko mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga upinde wa chombo. Matangani huku Kisumu, mwenye kutaka kujisifu hutoa noti. Wimbo unasimama, anajitaja yeye, ukoo wake na rafiki zake, kisha nyuzi zinaendelea. Hiyo ndiyo pakruok, na kwa vizazi vingi imewalisha wanamuziki wa ziwani.

Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, nacho kina pakruok moja inayotimiza miaka 400 mwaka 2026: uprofesa wa muziki wa Heather.

William Heather hakuzaliwa na mali. Alikuwa mwimbaji: kwaya ya Westminster Abbey kuanzia 1586, kanisa la mfalme kuanzia 1615. Utajiri wake ulikuwa rafiki, mwanahistoria William Camden. Mwaka 1622 Camden aliipa Oxford ardhi ya Bexley, Kent, ili kodi yake imlipe profesa wa historia pauni 140 kwa mwaka. Heather ndiye aliyepeleka hati. Alirudi na udaktari wa muziki, na kodi iliyobaki ikawa mali yake na warithi wake kwa miaka 99.

Mwaka 1626 naye akaweka kigoda chake: pauni 17, shilingi 6 na peni 8 kwa mwaka. Historia 140, muziki 17! Na katika hizo 17, pauni 3 tu zilikuwa za mihadhara ya nadharia. Nyingine zote zilikuwa za mazoezi, na hapo ndipo ninapomvulia kofia mzee huyu. Alijua muziki hukaa mikononi.

Sisi huku elimu ya muziki tunayo. Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu, ina chuo kikuu kinachofundisha muziki, na tangu 1980 Washington Omondi alikuwa ameandikia thum, yaani nyatiti, tasnifu ya uzamivu jijini London. Wafadhili pia tunao, kila wikendi wanarusha noti. Ila pakruok yetu huisha wimbo ukiisha. Ya Heather hutajwa upya kila profesa mpya anapoteuliwa.

Wa kwanza kukikalia kigoda cha Heather alikuwa Richard Nicholson, mpiga kinanda wa Chuo cha Magdalen. Heather alimwachia kinanda, vyombo vya nyuzi na vitabu vya nota, pamoja na sharti: kila Alhamisi alasiri, isipokuwa wakati wa Kwaresima, aje na wavulana wawili kuwapokea wote wanaotaka kufanya mazoezi. Asipotokea mtu, wapige wenyewe, sauti tatu.