KISUKARI CHA UJAUZITO SIO UGONJWA WA DAR PEKE YAKE

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee kina mama. Shemeji yangu hapa Nyololo alipoambiwa kliniki kwamba sukari yake iko juu, mimba ikiwa na miezi sita, nyumbani watu walikataa kabisa. Ati kisukari ni cha wanene wa mjini, huyu anayeshinda shambani kwenye viazi atakipata wapi? Mi sio daktari, nimeishia kidato cha nne tu, ila tangu siku ile nimesoma na kuuliza sana, nikaona niwawekee hapa.

Iko hivi. Mimba ikikua, kondo la nyuma linatoa homoni zinazoifanya insulini ya mama ipungue nguvu. Insulini ndo inayoingiza sukari kwenye seli za mwili. Kwa wengi kongosho linaongeza uzalishaji na mambo yanaenda, kwa wengine linashindwa, sukari inabaki kwenye damu. Sasa sukari hiyo inavuka kwenda kwa mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Mtoto inabidi atengeneze ya kwake nyingi, na hapo ndo ananenepa kupita kiasi.

Huku kwetu mtoto wa kilo nne na nusu ni sifa, watu wanakuja kumwona! Kumbe mtoto wa hivyo anaweza kutoa kichwa halafu mabega yakakwama, na ukiwa zahanati ya kijijini saa nane usiku, Mafinga au Makambako ni mbali. Mama naye anakuwa kwenye hatari zaidi ya presha na kifafa cha mimba. Mtoto akishazaliwa, sukari ya mama imekatika ila insulini yake bado ni nyingi, kwa hiyo sukari yake inaweza kushuka ghafla. Ndo maana anatakiwa anyonye ndani ya saa ya kwanza na apimwe.

Hao waliosema ni ugonjwa wa mjini hawakuwa wamekosea kabisa. Mwaka 1991 Swai na wenzake walichapisha utafiti wa vijijini Tanzania, wakakuta mwili wa mjamzito unaimudu sukari vizuri tu, haukuwa umeshuka uwezo. Mwaka 2014 Akwilina Mwanri wa Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine na wenzake wakatoa hesabu nyingine: mjini asilimia 8.4 ya wajawazito waliopimwa, vijijini asilimia 1. Swali langu ni je, Nyololo ni kijiji gani? Tuko juu ya barabara kuu ya Zambia, malori yanalala hapa, chipsi na soda hazikosekani, na kwenda dukani tu mtu anaita bodaboda. Mi naona tuko katikati ya hizo namba mbili.

Tatizo kubwa ni kwamba wengi hawasikii chochote. Kiu na kukojoa mara kwa mara kila mjamzito anavyo. Kipimo cha mkojo nacho kinawaacha wengi. Kinachotakiwa ni damu, kati ya wiki ya 24 na ya 28: unafika hujala tangu usiku, unapimwa, unakunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji, unapimwa tena baada ya saa moja na masaa mawili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya 2013, ukifika 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya masaa mawili, tayari unacho. Namba moja tu inatosha. Kama unapanda basi asubuhi kwenda kupima, chai na andazi la stendi liache! Na kama ulishazaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, au nyumbani kwenu kuna kisukari, usingoje kuulizwa, mwambie nesi mwenyewe.

Ukishakutwa nacho usiache kula, hapo ndo wengi wanaharibu. Ugali unaliwa, ila wa dona, na upungue. Nafasi iliyobaki jaza mboga za majani, maharage, njegere, yai au dagaa. Makande ni mazuri. Viazi vya kuchemsha ni wanga, ukila usiweke na ugali sahani hiyo hiyo. Parachichi, ambazo huku tunazo tele, hazipandishi sukari sana. Togwa ndo mtego, utamu wake ni kimea kinachogeuza wanga kuwa sukari. Na ulanzi hata ule mtogwa mtamu, hapana, una sukari na unaanza kuwa pombe mapema. Baada ya kila mlo tembea robo saa.

Wanaolenga vizuri wanataka chini ya 5.3 kabla ya kula na chini ya 6.7 masaa mawili baada ya kula. Wengi wanafika kwa chakula na kutembea tu. Wasiofika wanapewa metformini au sindano ya insulini, na sindano haimdhuru mtoto kwa sababu, kama nilivyosema, haivuki. Huna friji? Chupa iliyofunguliwa ya aina nyingi inakaa kama wiki nne sehemu ya ubaridi, hata ndani ya chungu chenye unyevu. Ila baridi yetu ya Juni na Julai isiigandishe, ikiganda tupa.

Jambo la mwisho ambalo karibu kila mtu analisahau. Mtoto akitoka sukari kwa kawaida inarudi chini, lakini uwezekano wa kuja kupata kisukari cha kudumu ni karibu mara 10 ya mama ambaye hakuwa nacho. Unatakiwa kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12. Mtoto ana chanjo ya wiki 6, siku hiyo hiyo nenda hujala, ukifika mwambie nesi na wewe unataka kupimwa damu.