Tabaka la nyuzi za neva: namba ya jicho baada ya operesheni

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya kupiga picha ya retina ina duara lenye rangi ya kijani, njano au nyekundu, ina namba, na ina herufi nne: RNFL. Ninapozitafsiri kwa Kiswahili naziandika tabaka la nyuzi za neva za retina. Jina ni refu, lakini ukilifupisha ovyo Tanga utaeleweka vingine.

Chukua neva. Vitabu vingi vya afya husema mshipa wa fahamu. Sasa nenda Pangani, pwani ambayo matende na mabusha si habari ngeni, useme fulani ana mshipa: hakuna atakayefikiria jicho. Mshipa ni wa damu, ni wa shingo, ni ngiri, ni busha. Mzee wa Mkwaja akiambiwa mshipa wa jicho lake umekonda atauliza kama amepungukiwa damu, na atakuwa na haki ya kuuliza. Neva haina mzigo huo.

Nyuzi nazo zina mshindani. Mkoa ulioupokea mkonge mwaka 1893, Richard Hindorf alipouleta Kikogwe karibu na Pangani, una neno lake: singa. Nimelipenda, nikaliacha. Singa hutoka korona zimekwanguliwa nyama ya jani, zikaanikwa, zikapigwa brashi, hazina uhai. Uzi wa neva ni mkia hai wa seli moja, unaotambaa juu ya uso wa retina hadi kwenye kitundu cha nyuma ya jicho. Hapo nyuzi zote, kama milioni moja, hukunja kona, hufungwa pamoja na kuelekea ubongoni.

Mashine yenyewe, ambayo mbinu yake ilitangazwa mwaka 1991 na watafiti waliokuwa na makao yao Massachusetts, Marekani, haitumii eksirei. Hurusha mwanga na kuusoma unavyorudi, jinsi altrasaundi inavyousoma mwangwi wa sauti. Hupima unene wa tabaka kuzunguka kile kitundu. Kwa mtu mzima mwenye macho salama wastani ni mikroni 100 hivi, sehemu ya kumi ya milimita. Glakoma, ambayo wagonjwa wengi huiita presha ya macho, huishusha namba hiyo polepole, na nyuzi zikishakufa hazioti tena.

Ugumu unakuja baada ya operesheni. Tuseme mama wa Muheza ana glakoma na mtoto wa jicho pamoja. Kabla ya upasuaji mashine inasoma 74. Lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, ya bandia inawekwa, na baada ya miezi michache inasoma 80. Nyumbani watasema neva imenenepa, na kwetu kunenepa ni kupata afya. Haikunenepa. Ukungu ulikuwa unakula mwanga, na ishara ikiwa hafifu mashine huelekea kusoma tabaka jembamba kuliko lilivyo. Kwa hiyo mimi siandiki “neva imenenepa” hata siku moja. Naandika “kipimo kimeongezeka”. Daktari naye huanza hesabu upya: picha ya baada ya operesheni ndiyo msingi mpya, si ile ya zamani.

Upasuaji wa retina una mtego mwingine. Utando mwembamba wa juu ukibanduliwa, tabaka huvimba kwa wiki kadhaa, kisha hukonda. Namba iliyopanda wakati huo ni uvimbe. Hata chini ina mpaka: jicho lililokwisha kupofuka kwa glakoma bado linaweza kusoma 50 na kitu, kwa sababu mishipa ya damu (hapa mshipa uko mahali pake) na tishu zinazoshikilia nyuzi hubaki. Ndiyo maana kwenye tafsiri nang’ang’ania neno unene. Uzima wa jicho huulizwa kwa kipimo cha uoni.

Anayepewa rufaa kutoka hospitali ya Bombo, Tanga, kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, abebe karatasi zote mbili, ya kabla na ya baada. Kabla ya kutazama rangi, itazamwe nguvu ya ishara iliyoandikwa pembeni. Kwenye mashine moja inayotumika sana huhesabiwa kwa kumi, na ikiwa chini ya sita picha hurudiwa.