Baba wa kwenye simu: gemu ya Mother na mashabiki walioiokoa

Kwenye podikasti tuliahidi kuirudia gemu ambayo wengi wa rika letu hapa Midrand hatukuicheza utotoni. Inaitwa Mother. Si kwamba wazazi walikataa kununua. Haikutufikia tu.

Sisi tulikuwa na Golden China, ile mashine ya kuiga Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Katriji moja ilitangaza mamia ya gemu, kumbe nyingi ni zilezile zimebadilishwa majina. Mario, Contra, vifaru. Hizo huhitaji kusoma. Gemu za RPG ni kitu kingine: unasoma mazungumzo, unasafiri mji hadi mji, halafu unahifadhi ulipofika ili uendelee kesho. Katriji zetu za bei rahisi hazikuwa na betri ya kuhifadhi, na maandishi ya Kijapani yasingetusaidia chochote.

Mother ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1989. Aliyeibuni, Shigesato Itoi, alikuwa mwandishi wa matangazo ya biashara. Wakati wenzake wanaandika mapanga na mazimwi, yeye akaleta mtoto wa kawaida mwenye gongo la besiboli. Tafsiri ya Kiingereza ilikamilika, ikafungiwa kabatini. Ya pili ilitoka 1994, na mwaka uliofuata ikauzwa Marekani kwa jina la EarthBound. Tangazo lake lilijisifu kwamba gemu inanuka! Wateja hawakuvutiwa. Ulaya haikuuzwa wakati huo. Ya tatu, iliyokuwa inatengenezwa kwa ajili ya Nintendo 64, ilifutwa mwaka 2000.

Hapo ndipo mashabiki walipoingia. Tayari mwaka 1998 walikuwa wamechangishana pesa, wakapata katriji ya majaribio yenye ile tafsiri iliyofungiwa, wakainakili na kuisambaza. Nintendo wenyewe waliitoa rasmi mwaka 2015, yaani miaka 17 baadaye. Mother 3 ilipofufuka mwaka 2006 kwenye Game Boy Advance, iliuzwa Japani tu. Kundi la mashabiki wa tovuti ya Starmen.net, wakiongozwa na mtafsiri Clyde Mandelin, wakaitafsiri bila malipo na kuitoa Oktoba 2008. Wiki ya kwanza ilipakuliwa zaidi ya mara 100,000. Mandelin akajitolea kuwapa Nintendo kazi hiyo bure. Hawakuichukua. Februari 2024 Mother 3 iliwekwa kwenye huduma ya Switch, Japani peke yake tena.

Mmoja wa vijana waliokulia Starmen.net ni Toby Fox, aliyetengeneza Undertale mwaka 2015. Ukiicheza Undertale baada ya EarthBound utaona undugu mara moja: vichekesho, huzuni, na maadui ambao ukiwatazama vizuri ni watu tu.

Sasa, hii inatuhusu nini? Ngoja nikwambie kuhusu baba.

Katika EarthBound, kijana Ness hamwoni baba yake hata mara moja. Anamsikia kwenye simu tu. Ukitaka kuhifadhi mchezo, unampigia baba. Anakwambia amekuwekea hela benki, na ukicheza muda mrefu anakukumbusha upumzike. Ness akikaa sana mbali na nyumbani, anaingiwa na hamu ya kwao. Katikati ya pambano anakosa zamu kwa sababu anamuwaza mama yake. Hakuna dawa ya dukani. Anapiga simu nyumbani, anaongea na mama, anapata nafuu.

Niliicheza nikiwa nimeshavuka miaka 30, kwenye kompyuta, na ilibidi niisimamishe kidogo. Mzee wangu alikuwa mtu wa safari. Miaka mingi nilimjua kwa sauti na kwa pesa iliyoingia mwisho wa mwezi. Yeye anaongea Kiswahili, mimi namjibu Kiingereza, na wote tunajifanya hatujaona tatizo. Laiti ningejua kwamba kila simu ile ilikuwa inahifadhi kitu.

Ndiyo maana nawaheshimu hawa mashabiki. Ni kweli, kusambaza gemu ya watu bila ruhusa kuna utata wa kisheria, na hilo siwezi kulipuuza. Lakini mwenye mali alipoiacha kabatini, waliojali ndio waliojitwisha kazi. Lugha yetu hapa Afrika Kusini iko hivyohivyo. Tukisubiri mtu aajiriwe kuitunza, tutasubiri sana.

Comic Con Africa ya kwanza ilifanyika hapahapa Kyalami mwaka 2018, na 2019 ikahamia Gallagher. Watu tunao na mapenzi ya gemu tunayo. Basi tuanze kidogo: simu moja tu, ya Ness na baba yake, tuiweke kwa Kiswahili. Nimejaribu sentensi ya kwanza na nimekwama mahali pazuri. Baba wa Kiingereza anamwita mwanawe kwa jina. Wa kwetu angemwita mtoto huyo “baba.”

Wewe kwenu mliitwaje? Tuandikie, tutasoma kwenye kipindi kijacho.